Kuangalia ndege Nairobi: chagua kiwanja kimoja ukae nacho mwaka mzima

Wengi wanaotaka kuanza kuangalia ndege huanza kwa kupanga safari. Baringo, Naivasha, Kakamega. Wanasubiri likizo, wanasubiri gari, wanasubiri darubini nzuri, na mwaka unakatika. Mimi nashauri kinyume: anzia hapo unapoishi au unapofanyia kazi, kwenye kipande kimoja cha mji unachoweza kukifikia kwa miguu, na usikiache mpaka misimu yote ipite.

Nairobi ni mji wa kufanyia hivyo. Kaskazini na magharibi yake kuna misitu ya nyanda za juu: Karura, Ngong Road, Oloolua. Kusini na mashariki kuna tambarare za Athi zenye nyasi na migunga. Mji umekaa kwenye mpaka wa hali hizo mbili, na ndege wa pande zote huingia mitaani. Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa mwaka 1946 na yenye kilomita za mraba 117, ina orodha ya zaidi ya aina 400 za ndege, na ndege hawajui ua umeishia wapi. Nimekutana na watu waliolipa kiingilio kumtafuta ndege ambaye hulala juu ya nyaya za stima nyuma ya nyumba yao.

Hatua ya 1: Weka mipaka

Kiwanja kizuri si lazima kiwe msitu. Tafuta mahali penye mti mkubwa mmoja au miwili, penye maji au unyevu, hata kama ni mtaro, na ambapo unaona anga bila kuzibwa na maghorofa pande zote. Ukiwa Umoja, Kayole au Pipeline, paa la ghorofa lenye kamba za nguo linatosha kuanzia, hasa kama linatazama mto au uwanja wa shule. Wafanyao kazi katikati ya mji wana bustani ya Jeevanjee, wana Michuki kando ya Mto Nairobi, na wana Arboretum, ambayo imekuwepo tangu 1907. Wa Parklands na Ngara wana City Park. Wanaoishi karibu na Karura hawana sababu ya kulalamika.

Ukishachagua, weka mipaka isiyo na utata: kutoka geti la mtaa hadi darajani, pande zote mbili za barabara, basi. Eneo liwe dogo kiasi cha kulizunguka kwa saa moja bila haraka. Mipaka hii inaonekana kama urasimu, lakini bila hiyo daftari lako halina maana. Ukiona kundi la ndege mwezi huu na mwezi ujao usilione, ni lazima uwe na hakika kwamba umetafuta pale pale, kwa muda ule ule.

Hatua ya 2: Darubini, daftari, na askari wa geti

Darubini ya kuanzia ni ile iliyoandikwa 8x42 au 8x32. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, yaani mwanga kiasi gani unaingia. Mtu mgeni hukimbilia inayokuza zaidi, 10 au 12, akidhani ataona vizuri zaidi. Ile hutikisika mkononi na huonyesha eneo dogo, na ndege mdogo kwenye majani huwezi kumpata kabisa. Zile za kukuza na kupunguza zinazouzwa barabarani kwa bei ya kutupa, ziache. Kama huna pesa sasa, anza bila darubini. Ndege wengi wa Nairobi ni wakubwa na hawaogopi watu.

Ukipata darubini, isawazishe na macho yako kabla ya kutoka. Funga jicho la kulia, tazama kitu cha mbali, kwa mfano bango, na uzungushe gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione sawasawa. Kisha funga la kushoto, na uzungushe pete iliyo kwenye tundu la kulia mpaka maandishi yawe wazi. Baada ya hapo pete hiyo usiiguse tena. Gurudumu la katikati ndilo utakalotumia siku zote. Na unapomwona ndege, usiinamishe kichwa kuitafuta darubini. Mkazie macho ndege, uilete darubini usoni. Ukizoea hilo, nusu ya taabu imekwisha.

Daftari liwe dogo la kuingia mfukoni, na uandike kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu hautakusubiri mvua iishe.

Sasa askari. Darubini katika mji huu inaonekana kama kazi ya upelelezi. Arboretum imepakana na Ikulu. Usiielekeze darubini upande ule hata kama kuna tai juu ya ua. Vivyo hivyo kwa kambi za jeshi, balozi na Uwanja wa Ndege wa Wilson. Kwenye mtaa wako, jitambulishe kwa askari wa geti kabla hajaja kukuuliza, umpe darubini atazame marabu usoni. Tangu siku hiyo yeye ndiye atakayekuambia bundi amelala mti gani. Na ukiwa unapita stendi ya matatu, darubini iwe ndani ya begi.

Hatua ya 3: Ijue saa ya ndege

Tuko karibu na ikweta, kwa hiyo jua huchomoza karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi mwaka mzima, na huzama karibu saa kumi na mbili na nusu jioni. Kutoka alfajiri hadi saa tatu ndiyo saa ya ndege wadogo: wanaimba, wanakula, wanagombania mipaka. Baada ya saa nne wananyamaza, lakini usiende nyumbani. Hapo ardhi imepata joto, hewa inapanda, na ndege wakubwa wenye mabawa mapana huanza kuzunguka juu bila kupiga bawa. Inua kichwa. Mwewe, marabu, shakivale na mara nyingine tai, wote hupita juu ya mji kati ya saa nne na saa nane, na watu walio chini hawana habari.

Jioni ni ya wanaorudi kulala. Simama mahali pamoja saa kumi na mbili uhesabu yangeyange wanaopita kwa mistari, na uandike wanaelekea wapi.

Hatua ya 4: Wajue majirani kumi kabla ya kutafuta mgeni

Hapa ndipo nakaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo watu huruka. Anayewajua ndege kumi wa kawaida kwa umbo, kwa mwendo na kwa tabia, atamtambua wa kumi na moja kwa sekunde, kwa kuwa hafanani na yeyote kati yao. Aliyekariri picha mia za kitabu hubabaika akiona shore, ndege wa kawaida kabisa wa bustanini.

Anza na mwewe. Kila mtoto aliyesoma Nairobi anamjua, kwa sababu amewahi kunyang'anywa sambusa au mandazi na yeye. Mtazame mkia: una panda katikati, na hauachi kupinda. Anaugeuza kushoto, anaugeuza kulia, na ndio unaomwongoza. Akinyakua kitu kwa kucha, hatui kukila. Hukipeleka mdomoni huku akiruka. Ukiona ndege wa kuwinda mwenye mkia mfupi wa rangi ya kutu, tumbo jeupe au jeusi na mabawa mapana, huyo si mwewe, ni shakivale.

Marabu hakupi shida. Wapo kwenye migunga ya Barabara ya Mombasa karibu na Uwanja wa Nyayo, na anayepita chini anajua kwa nini atembee haraka. Mabawa yake yakikunjuliwa yanapita mita mbili. Miguu inaonekana myeupe, kumbe kwa asili ni ya kijivu kilichokolea: hujinyea miguuni makusudi, na maji ya kinyesi yanapokauka yanapunguza joto la damu. Kichwa hakina manyoya kwa sababu anakiingiza ndani ya mizoga. Watu humchukia kwa uchafu, nami nasema uchafu ni wetu. Yeye anakula machinjioni na kwenye jaa la Dandora kile tulichotupa.

Kwarara ndiye anayekuamsha. Yule ndege wa rangi ya kijivu na hudhurungi mwenye mdomo mrefu uliopinda, anayepita alfajiri akipiga kelele hadi vioo vinasikia. Akitua kwenye nyasi mtazame kwa karibu: anatembea polepole, anadunga mdomo ardhini hadi karibu na macho, anatulia kidogo, kisha anatoa funza. Jua likimpiga kwenye bega utaona kijani kinachong'aa ambacho kwa mbali hakionekani kabisa.

Kuzumburu, wa kijivu-hudhurungi, mwenye kishungi na mkia mrefu mwembamba kuliko mwili, hutembea kwa makundi na hutambaa ndani ya kichaka kama panya. Asubuhi ya baridi, Juni au Julai, utawaona wananing'inia kwenye tawi wameelekeza tumbo kwenye jua. Wakulima wa mboga hawawapendi, maana wanakula majani na matunda.

Mbwigu anakaa peke yake juu ya waya au kilele cha ua, mweusi juu, mweupe chini, mkia mrefu. Anaonekana mpole. Tafuta kwenye miiba au seng'enge iliyo karibu: huenda ukamkuta panzi, mjusi au hata kifaranga ametundikwa. Ndiyo ghala lake. Kucha zake hazina nguvu ya kushika nyama kama za mwewe, kwa hiyo hutumia mwiba kuishikilia anapoichana.

Chozi ni wale wadogo wenye mdomo uliopinda wanaonyonya maua. Dume wa aina nyingi hung'aa kijani, zambarau au shaba, na jike ni wa rangi ya majani makavu, hivyo anayeanza hudhani ni aina mbili. Wasubiri kwenye mshubiri unapochanua.

Mnana wa bustani za Nairobi ni wa manjano mwenye barakoa nyeusi. Ukibahatika kumkuta akisuka, acha kazi nyingine zote. Anachana utepe wa jani la mnazi wa mapambo au nyasi, analeta mmoja mmoja, anaupitisha kwa mdomo, anauvuta upande wa pili, anaukaza kwa mguu. Aina nyingine husuka kwa vijiji vyenye kelele, lakini huyu wa kwenye ua wako kwa kawaida ni jozi moja na kiota kimoja.

Shore, njiwa, shomoro na kwezi utawajua ndani ya mwezi. Lakini kunguru nataka umtazame mara mbili. Wa kwetu ana kifua na shingo nyeupe safi. Kule Pwani kuna kunguru mgeni kutoka bara Hindi, mwembamba zaidi, mwenye shingo ya kijivu, asiye na jeupe popote. Anakula mayai na vifaranga vya ndege wengine, na mwaka 2024 Shirika la Wanyamapori, KWS, lilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Hofu ni kwamba atafuata barabara kuu na kupanda bara. Ukiona kunguru asiye na jeupe Nairobi, mpige picha na uandike mahali na saa. Mtu anayekagua kiwanja kimoja kila wiki ndiye wa kwanza kumwona.

Hatua ya 5: Andika alichofanya

Ukimwona usiyemjua, usikimbilie kitabu. Mtazame mpaka aondoke, kitabu hakitaruka. Mlinganishe na unaowajua: ni mkubwa kuliko shomoro? Anakaribia njiwa? Ana mdomo wa kupasua mbegu au wa kudonolea wadudu? Alikuwa chini, katikati ya kichaka au kileleni? Alikuwa peke yake? Alitikisa mkia? Rangi iandike mwisho, kwa sababu rangi hudanganya kwenye kivuli.

Shorobo wa Karura, Arboretum na City Park ni mfano mzuri. Akiwa ametulia kwenye mti, ni ndege wa kijani na buluu anayepotea katikati ya majani hata ukiwa umesimama chini yake. Anakimbia juu ya matawi kuliko anavyoruka. Kisha anavuka njia, na mabawa yanafunguka mekundu kabisa. Nyekundu ile hutokana na rangi yenye madini ya shaba ndani yake, kitu ambacho ndege wengine hawana. Ukiwa umeandika tu "ndege wa kijani", hutampata. Ukiandika "mkubwa kuliko njiwa, alikimbia juu ya tawi, akaruka mabawa mekundu, sauti ya kukoroma kutoka kooni", amekwisha kupatikana.

Kila ukitoka, andika tarehe, saa ya kuanza na kumaliza, hali ya hewa, na idadi. Siku ambayo hukuona kitu cha maana, iandike pia.

Hatua ya 6: Tumia masikio, na subiri misimu

Mvua inapokaribia, Machi na tena Oktoba, kuna sauti tatu zinazoshuka ambazo hurudiwa asubuhi nzima na wakati mwingine usiku. Mzee yeyote wa nyumbani atakuambia ni ndege wa mvua. Ni kekeo mwenye kifua chekundu, na kumsikia ni rahisi kuliko kumwona. Jike hutaga kwenye viota vya ndege wadogo waimbao bustanini, na hao ndio wanaomlelea mtoto atakayewazidi ukubwa. Ukikuta ndege mdogo anamlisha kifaranga aliye mara mbili yake, umeona kisa chenyewe.

Programu za simu zinazotambua sauti zinasaidia, lakini zichukue kama fununu. Hakuna ndege wa kuandikwa daftarini kwa sababu simu imesema.

Kati ya Septemba na Aprili kiwanja chako kinapata wageni kutoka Ulaya na Asia. Mbayuwayu wanajaa kwenye nyaya. Keremkerem wa Ulaya, ndege wala nyuki, wanapita juu kwa makundi, na utawasikia wakilia kwa sauti laini kabla ya kuwaona. Novemba na Desemba, mvua ikiwa karibu, tazama angani vizuri: kozi wadogo wanaotoka kuzaliana kaskazini mashariki mwa Asia huvuka Bahari ya Hindi na kupita Kenya wakielekea kusini mwa Afrika. Mwezi wa kwanza wa kuwaona na mwezi wa mwisho ndivyo vitu vya thamani kubwa daftarini. Ndiyo maana nasema mwaka mzima. Aliyeanza Juni na kuacha Septemba amekutana na nusu ya wakazi.

Hatua ya 7: Tembea na wanaojua

Kila Jumatano asubuhi kundi la waangalizi hukutana Makumbusho ya Taifa, chini ya Nature Kenya, chama kilichoanza mwaka 1909. Matembezi haya yalianzishwa na Fleur Ng'weno mwaka 1971, na wengi wa waongozaji wa ndege wa nchi hii wamepita hapo. Fika kabla ya saa tatu kasorobo. Wanatembea uwanjani au wanakwenda mahali pengine karibu na mji, na hakuna atakayekucheka kwa kuuliza jina la shore. Vaa nguo zisizong'aa, simu iwe kimya, na usipige sauti ya ndege kwenye simu ili kumwita. Ndege anayelinda kiota huacha kazi yake kuja kupigana na adui asiyekuwepo.

Kisha rudi kwenye kiwanja chako. Utashangaa ulikuwa unapitwa na nini.

Hatua ya 8: Peleka rekodi zako

Daftari lililofungiwa sandukuni halimwokoi ndege yeyote. Mradi wa Kenya Bird Map umeigawa nchi katika miraba yenye upande wa takriban kilomita 9. Orodha kamili ya mraba huhitaji angalau saa mbili za kuangalia kwa makini, ukiandika aina kwa mfuatano ulivyoziona, na unaweza kuiongezea hadi siku tano. Programu ya BirdLasser kwenye simu inafanya kazi hiyo na kuhifadhi mahali. Kuna pia eBird, inayotumika duniani kote. Chagua mmoja usichoke.

Faida yake si ya kubahatisha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2022 ulilinganisha hesabu za ndege wa kuwinda zilizofanywa kandokando ya barabara za Kenya miaka ya 1970 na zile za 2003 hadi 2020. Kati ya aina 22 zilizochunguzwa, 19 zilikuwa zimepungua, na shakivale tuliyemtaja juu alikuwa miongoni mwa walioporomoka zaidi. Bila watu walioketi garini miaka ile wakiandika kila ndege aliyetua juu ya nguzo, hakuna ambaye angejua. Ndege wa kawaida ndiye anayeondoka bila kelele, kwa sababu kila mtu anadhani yuko.

Hatua ya 9: Kifanye kiwanja kiwe na kitu cha kula

Kama una ua, au kamati ya mtaa inakusikiliza, panda miti ya asili. Mugumo na mikuyu mingine ndiyo bora: ikizaa, shorobo, hondohondo, kuzumburu, shore na njiwa wote wanakuja mti mmoja. Mwaka 2020 mugumo mkubwa wa Waiyaki Way uliokuwa kwenye njia ya barabara mpya ya juu uliachwa kwa amri ya serikali baada ya wananchi kupaza sauti, kwa hiyo kupaza sauti si kazi bure. Karura nayo ingekuwa nyumba za watu kama Wangari Maathai na wenzake wasingesimama getini mwaka 1998 na 1999. Leo humo kuna tai mkubwa wa misituni anayewinda kima. Mukinduri, muringa na muhuti hukua vizuri Nairobi. Mbegu za mukinduri huliwa na ndege, maua ya muhuti ni ya chozi.

Matawi yakatwe baada ya kuhakikisha hakuna kiota. Kwa vioo vikubwa, bandika alama ndogo upande wa nje, zikiachana sentimita 5 kila upande. Stika moja ya tai katikati ya kioo haizuii chochote, ndege hupita pembeni yake na kugonga.

Sumu ya panya ni jambo la kuzungumza na majirani. Panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Hutembea akiyumba kwa siku kadhaa, na bundi humkamata kwa urahisi. Bundi tayari ana maadui wa kutosha mjini, kwa sababu wengi wetu tulilelewa tukiambiwa kwamba akilia juu ya paa kuna mtu atakufa, na wapo wanaomrushia mawe mpaka leo. Anayelia juu ya paa lako amefuata panya walio jikoni kwako.

Hatua ya 10: Ukikuta ndege ameanguka

Utakutana na jambo hili, hasa wakati wa mvua. Kwanza tazama manyoya. Kifaranga aliye uchi au mwenye manyoya machache ameanguka kutoka kiotani. Ukikiona kiota, mrudishe tu. Wazazi hawatamkataa kwa sababu ya harufu ya mikono yako. Aliyejaa manyoya, mwenye mkia mfupi, anayerukaruka chini, hajapotea. Anajifunza kuruka na wazazi wako karibu wanasubiri uondoke. Mweke kwenye kichaka au tawi la chini ili paka asimfikie, uondoke, na uwaombe watoto waondoke pia.

Aliyegonga kioo na kuzubaa mweke ndani ya katoni yenye matundu ya hewa, chini weka kitambaa, ufunge, uiweke mahali penye kivuli na kimya. Usimpe maziwa wala mkate, na usimmiminie maji mdomoni, yataingia mapafuni. Usimfungulie kila dakika kumtazama. Baada ya saa moja au mbili, toa katoni nje, ifungue, na kama amepona ataruka mwenyewe.

Mwenye bawa lililovunjika, au ndege wa kuwinda yeyote aliyeumia, si wa kutibu nyumbani. Mfunike kwa taulo zito kabla ya kumgusa na uitunze mikono yako na kucha zake, si mdomo. Wapigie KWS. Kwa ndege wa kuwinda kuna vituo vya uuguzi vya Kenya Bird of Prey Trust, Naivasha na Soysambu. Usimweke nyumbani ukisubiri apone: kufuga mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya sheria ya wanyamapori ya 2013, na tai aliyelishwa nyama ya bucha jikoni kwa miezi hawezi tena kuwinda. Andika daftarini ulimpata wapi, saa ngapi, na kama kulikuwa na waya wa stima, kioo au mzoga karibu. Anayempokea ataanza kwa kukuuliza hayo.